Fundo la Mgongoni

Nilikuwa nimekaa chini nafunga mbegu za mwani kwenye kamba, mgongo ukanichoma ghafla kati ya mabega. Mama yangu mzazi, ambaye pale kijijini Kanga, kisiwani kwetu, ndiye anayewaumika watu kwa pembe, hakuuliza mara mbili. Alisema damu imevilia, akanilaza kifudifudi, akanichanja kwa wembe na kunipachika pembe tatu. Niliona ananipotezea muda, lakini mzazi habishiwi. Damu ikatoka nzito, akaitazama kwa kuridhika.

Asubuhi miguu ilikuwa imekufa. Nilijifinya paja nikaona kama nafinya la mtu mwingine. Mkojo nao ukagoma.

Majirani, ambao hawakosi la kusema, wakasema kamkata mwanawe mshipa. Mama aliyasikia, akazitupa pembe zote chooni. Hospitali ya wilaya haikutukawiza, ikatupa rufaa. Kesho yake tulipanda ndege kwenda Dar es Salaam.

Daktari wa upasuaji alinionyesha picha. Ndani ya uti wa mgongo mishipa ya damu ilikuwa imejisokota ikafanya fundo, mmoja umepasuka, na damu yake inaibana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Wangefungua mfupa, waitoe damu iliyoganda, waliondoe fundo. Huenda ningetembea, huenda nisitembee; nikisubiri, fundo lingeweza kuvuja tena na miguu ikafa moja kwa moja. Nikaweka sahihi. Niliogopa sana, wala sioni haya kusema.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilichezesha kidole gumba cha mguu wa kulia. Daktari alifurahi. Kisha akamwona mama amejikunyata pembeni, chakula hajakigusa.

"Mama, si pembe zako," alimwambia. "Lile fundo kazaliwa nalo. Lilikuwapo tangu tumboni mwako."

Alidhani anamtua mzigo.

"Kumbe ni mimi tangu mwanzo," akasema mama.

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

"Mama, acha hayo. Njoo unikande miguu."

Akamimina mafuta ya nazi kiganjani, akaanza na wa kulia, akaja wa kushoto.

"Wanisikia, mwanangu?"

"Nakusikia, mama. Kote kuwili."

Wa kulia niliusikia mkono wake. Wa kushoto sijausikia mpaka leo. Natembea kwa fimbo, na kila siku baada ya alasiri anaikanda yote miwili, ananiuliza, nami namjibu vilevile.