Ekzosi ya Nedyalka Mbele ya Farasi wa Mzee Minyo

Nedyalka Chakarova amelala chali juu ya kipande cha boksi, tumbo la pikipiki liko kiganja kimoja juu ya pua yake, na anaimba. Ni Alhamisi asubuhi. Theluji ya mwisho inachuruzika kutoka paa la chumba cha boila, ambacho ndicho karakana yake, na keshokutwa ni Todorovden, sikukuu ya farasi huku Bulgaria.

"Pandisha jeki kidogo, Gancho. Taratibu! Hilo si gunia la viazi."

"Napandisha kama nimebeba mayai, shangazi."

"Mayai, na huu mfungo wa Kwaresima? Pandisha, acha maneno."

Gancho Varbanov ni dereva wa gari la mkate, na pikipiki ni yake: ya Kijapani, silinda nne, kongwe kuliko ndoa yake. Ekzosi yake ya zamani ilining'inia ubavuni na kupiga kelele kama mlevi aliyefungiwa nje. Nedyalka ameing'oa na kuitupa kwenye chuma chakavu.

Anachofunga sasa hakionekani mpaka uiname. Mabomba manne yanashuka mbele ya injini, yanajikunja, yanakutana chini yake, kisha yanaingia kwenye sanduku bapa la chuma kisichoshika kutu, mfano wa trei la kuokea lenye mfuniko. Sanduku limejibana katikati ya magurudumu. Ndani yake kuna vyumba vitatu vilivyozungushiwa sufi isiyoungua, na mdomo mfupi unaotazama ardhini.

"Sauti inaingia na hasira zake," anaeleza, huku akifuta jasho kwa mkono wa koti. "Inazunguka humo ndani, inachoka. Ikitoka haina nguvu ya kugombana na mtu."

Na safari hii ni lazima ichoke kweli. Mwaka jana, kijijini Gorna Topola, waendesha pikipiki waliwafuata farasi hadi uwanja wa kanisa ili nao wabarikiwe. Mjinga mmoja akavuta mafuta, injini ikanguruma mbele ya padri. Farasi wakatimka, mkokoteni ukapinduka katikati ya wachezaji ngoma. Kijiji kikapiga marufuku pikipiki zote.

Mwaka huu Mzee Minyo Kolarov, anayeongoza msafara wa farasi, ametoa sharti moja. Ijumaa iletwe pikipiki moja uani kwake, iwashwe kando ya farasi jike wake, Lastovitsa. Farasi akitulia, mlango uko wazi. Akishtuka, kila mtu abaki na makopo yake nyumbani.

Kwa Gancho hiyo ni sikukuu tu. Kwa Nedyalka ni maisha yake.

Jumatatu kuna basi la kwenda Italia, na mama mmoja wa Bologna anasubiri mtu wa kumwosha, kumlisha na kumgeuza kitandani. Mshahara ni yuro mia tisa, na jibu linatakiwa Jumapili. Huku nyumbani, mwezi uliopita Nedyalka alitengeneza ekzosi moja na kuchomelea mageti mawili. Baada ya kulipa pango na gesi alibakiwa na hela ya maharage na kuni.

"Pikipiki zikikubaliwa, kila mwenye pikipiki wilaya hii atataka ekzosi kama hii. Zikikataliwa, nitajifunza kusema 'fungua mdomo, mama' kwa Kiitaliano." Anacheka, lakini mkono wake haujaachia spana.

Isisahaulike chumba hiki ni cha nani. Hapa palikuwa na kiwanda cha mabehewa. Nedyalka alichomelea humu miaka kumi na tisa, akiwa na wanawake wenzake, na treni zilizopita nchi nzima zilikuwa na mistari ya kuchomelea ya mikono yao. Halafu wakaja mabwana wa tai. Wakasema mwekezaji amepatikana. Winchi zikatoka getini vipande vipande kama chuma chakavu, mashine zikafuata, na wanawake wakapewa karatasi za kuachishwa kazi na kushikwa mkono wa kwaheri. Magazeti yakaita mageuzi. Mageuzi gani hayo, fundi anageuzwa kuwa mpangaji katika chumba alichokuwa akiota moto wakati wa mapumziko? Na anayepokea pango ni yule yule aliyebeba winchi.

"Mimi nilimwambia usoni, siku anakuja kupandisha kodi," anasema Nedyalka. "Nikamwambia, boila hii niliichomelea mimi, wewe hukujua hata inafunguliwa wapi. Akacheka. Kodi akapandisha."

Anamkalisha Gancho juu ya pikipiki ili springi zishuke, kisha anasukuma kipande cha ubao chini ya sanduku kuona kama kinapita.

"Keti kama utakavyoketi Jumamosi."

"Jumamosi nitakuwa nimeshiba maharage."

"Basi keti na maharage yako yote."

Ubao unapita. Boliti ya kutolea oili ameiachia nafasi yake. "Fundi anayeiziba hii anastahili kumwagiwa hiyo oili ya moto kichwani," anasema. Anashikiza viungo kwa nukta nukta za kuchomelea, anashusha sanduku, anachomelea mezani kwa mstari mwembamba, anarudisha, anafunga springi ndogo zinazobana mabomba. Kisha anasogea nyuma.

"Washa."

Injini inaitika. Si mngurumo tena. Ni mtu mnene anayecheka huku amefunika mdomo. Gancho anatoa macho. Nedyalka anarusha kofia yake ya kuchomelea juu na kuidaka.

Ijumaa mchana nusu ya kijiji imekaa juu ya ukuta wa Mzee Minyo. Lastovitsa amefungwa kwenye nguzo, manyoya ya shingo yamesukwa kwa uzi mwekundu, anatafuna. Mzee ametandaza mabua mapya ya ngano ua mzima, kama inavyofanywa kila mkesha wa Todorovden.

"Gancho!" anaita mtu ukutani. "Umeleta pikipiki au jokofu?"

"Ngoja usikie, halafu ucheke!"

"Nisikie nini, si mnasema haina sauti?"

Mzee Minyo anainua fimbo, kicheko kinakatika. Gancho anawasha. Sikio moja la Lastovitsa linageuka, linarudi. Anaendelea kutafuna.

"Vuta mafuta," anaamuru mzee.

Gancho anavuta. Farasi anatafuna. Ukuta mzima unalipuka kwa vifijo. Nedyalka anakumbatiwa na mwanamke aliye karibu naye.

Ndipo Lastovitsa anainua kichwa. Pua zimepanuka. Hasikilizi, ananusa.

"Moto!" anapiga kelele Mzee Minyo.

Mdomo wa ekzosi umekuwa ukiyatemea mabua joto wakati wote huo, na sasa moshi unapanda kati ya miguu ya Gancho. Nedyalka anaisukuma pikipiki kwa bega na Gancho akiwa bado juu yake, anakanyaga ndimi za moto kwa buti, na jirani anakuja mbio na kitu cha kwanza alichokikuta: ndoo ya maji ya kabichi ya chumvi. Moto unazimika. Nedyalka ananuka achari. Farasi anavuta kamba, anazungusha macho, anapelekwa bandani.

"Binti," anasema Mzee Minyo, "kelele umezifunga vizuri. Moto umeuelekeza kwenye sahani ya farasi wangu."

Nedyalka amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Utoto wake wote alitandaza mabua haya haya kila mkesha, mikono ikichomwa, mama yake akimhimiza. Fundi wa mjini angesahau, ungemsamehe. Yeye alifikiria masikio ya farasi mpaka akasahau miguu yake inakanyaga nini.

"Nipe nafasi moja tena, mzee."

"Lastovitsa anakula saa kumi. Mkirudi kabla hajala, mtanikuta. Akishakula simsumbui, hata kwa ajili ya askofu."

Wanarudi karakana kwa gari la mkate, pikipiki imelala katikati ya makreti. Nedyalka hasubiri chuma kipoe. Anavaa glavu mbili mbili, anakata mdomo kwa grenda, anaugeuza utazame nyuma. Chini ya sanduku anafunga bamba la pili, nafasi ya kidole ikibaki kati yao ili upepo upite. Gancho anaketi tena, na ubao unapita kwa kukwaruza.

Lakini kuna shida mpya, na wote wawili wanaijua. Mwanzo ardhi ndiyo iliyokuwa ikimeza sauti. Sasa mdomo unapumua hewani.

"Itapiga kelele, shangazi?"

"Itapiga."

"Tufanye nini?"

"Vua sweta."

"Eti?"

"Vua, nipate pa kufutia mikono! Mimi nafungua sanduku." Anaongeza sufi mpaka vyumba vimeshiba, anatoboa bomba la ndani matundu mengine, anafunga. Hakuna muda wa kujaribu.

Uani kwa Mzee Minyo, Lastovitsa ameshatolewa bandani, na ndoo ya shayiri iko tayari mkononi mwa mzee. Nedyalka anachukua mabua kwa mikono yake na kuyajaza chini ya pikipiki. Ukuta hautanii tena.

Gancho anawasha. Sauti ni nzito kuliko ya mchana. Masikio yote mawili ya farasi yanasimama. Nedyalka amepiga magoti, kiganja kiko ndani ya mabua, anasikilizia joto.

"Vuta mafuta."

Sauti inapanda. Lastovitsa anapiga hatua moja mbele, anaunyoshea shingo ule mdomo wa bomba, anapiga chafya. Kisha anasimama.

Mzee Minyo anainama na kunyoosha fimbo. "Tazameni mguu wa nyuma. Ameupumzisha kwenye ncha ya kwato. Farasi mwenye hofu haupumzishi mguu." Anamgeukia Nedyalka. "Mabua?"

"Baridi kama pua ya mbwa!"

Watu wanaruka kutoka ukutani. Gancho, bila sweta, kwenye baridi ya Machi, anacheza na ndoo ya shayiri kichwani mpaka mzee anamnyang'anya.

Jumamosi sharti la kijiji ni hili: anayetaka kuingia uwanjani injini ikiwaka, apitie kwanza kwa Nedyalka. Kwa hiyo Gancho peke yake anapita ameketi kama bwana harusi nyuma ya Lastovitsa. Wenzake wanasukuma pikipiki zao kwa mikono, wanahema kwenye matope, na kila mmoja anauliza nani anajua namba ya simu ya yule mchomeleaji. Padri anapomaliza kunyunyiza maji, Nedyalka ameahidi kazi mpaka majira ya joto.

Jioni anapiga simu Bologna na kumwomba radhi yule mama. Halafu anapiga namba nyingine tatu, za Italia na Ugiriki. Ni wenzake wa kiwandani, mikono iliyochomelea mabehewa, ambayo sasa inabadilisha mashuka ya wazee wa watu.

"Nimewaambia Pasaka wakija likizo wasikate tiketi za kurudi," anasema, akiburuta meza ya pili karibu na dirisha, penye mwanga. "Mmoja kaniuliza, 'Nedyalka, miaka yote hii, mkono utakumbuka?' Nikamwambia njoo, mkono hukuuza. Walichouza mabwana wale ni kiwanda."