Godoro Moja, Migongo Miwili

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Asubuhi hii katika soko la Kwa Vonza kuna mawingu mepesi yasiyo na dalili ya mvua, na upepo mkavu unasukuma vumbi jekundu hadi vizingitini mwa maduka.

Saa moja na robo, Kathini Mulei anafungua mlango wa bati wa duka lake. Anachukua kitambaa chenye maji na kupangusa nailoni za magodoro, godoro moja baada ya jingine. Akimaliza, anaweka viganja vyote viwili juu ya rundo, anafumba macho na kuomba kwa sauti ya chini, kwa Kikamba.

"Naombea wale watakaolala," anaeleza mama huyu mwenye umri wa miaka 53. "Mtu akilala vibaya anaamka na hasira. Akiamka na hasira, nyumba nzima inajua."

Leo sala yake imekuwa ndefu kuliko kawaida. Jana jioni alipigiwa simu na Kivuva Nyamai, dereva wa lori ambaye wiki tatu zilizopita alinunua kwake moja kati ya magodoro ya bei ya juu kabisa dukani. Alipiga kuhusu mkewe, na hakuwa na maneno mengi.

"Aliniambia, 'Mama Mumo amehama kitanda. Analala na msichana wetu. Anasema hiyo godoro nilale mimi na lori yangu.'" Kathini anatikisa kichwa. "Nilikosa usingizi. Mimi nauza kitu cha watu wawili kulala pamoja. Sasa nimemtoa mwanamke kwenye kitanda chake mwenyewe."

Kwa hiyo leo anakwenda nyumbani kwao kuona kosa liko wapi.

Kabla hajaondoka, anaingia Mzee Kiilu, mkulima wa hapo karibu, ambaye hupita dukani kila siku na hajawahi kununua kitu. Anagonga kwa kidole godoro nene lililosimamishwa ukutani.

"Hii ndiyo ile wanaita haibridi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kama mahindi?"

"Kama mahindi. Vitu viwili vimechanganywa kuwa kimoja."

"Basi ole wako mvua ikipungua. Ile yangu ya mwaka jana ilikataa hata kutoa kichwa."

"Hii haitaki mvua, Mzee Kiilu. Inataka wewe na mama mje pamoja, mlale hapo, mniambie."

Mzee anarudi nyuma hatua mbili. "Nilale na mke wangu dukani? Mchana? Unataka tufukuzwe kanisani?" Anatoka akicheka peke yake.

Kwa Kathini, jibu hilo ndilo ugumu wa kazi yake. Pembeni mwa duka ameweka kitanda cha futi tano kwa sita, akakizungushia pazia la maua. Alikusudia mume na mke walale humo robo saa kabla ya kulipa. Kwa miaka sita, ni jozi tatu tu zilizokubali. Wengine wote huja mmoja mmoja, na mara nyingi ni mwanamume. Hubonyeza godoro kwa ngumi, hulipa, hufunga mzigo kwenye pikipiki na kwenda.

"Ngumi haina mgongo," anasema. "Ngumi haiwezi kukuambia kitu."

Mambo ya magodoro hakuyajifunza darasani. Kwa miaka kumi na moja alitandika vitanda katika nyumba ya kulala wageni huko Mtito Andei, kwenye barabara ya Mombasa. Kila asubuhi aligeuza magodoro ishirini na mawili. Kwa kuyatazama tu alianza kujua nani amelala wapi.

"Godoro la dereva anayelala peke yake lina shimo moja katikati. La mume na mke lina mashimo mawili na kilima katikati. Nilikuwa najiuliza, kwa nini huyu anaamka ameshika kiuno na yule anaamka anaimba? Wamelipa pesa sawa, chumba ni kile kile."

Udadisi huo ulimfanya aanze kukagua. Aliinua shuka, akasoma lebo, akachungulia ndani ya magodoro yaliyochanika. Alipoacha kazi mwaka 2019, alichukua akiba yake na kufungua duka hili. Leo anauza magodoro manne hadi saba kwa mwezi, mengi yakiwa ya sponji tupu, na kila moja humpa faida ya kama shilingi elfu moja na mia tano. Ya mseto, hayo yanayoitwa haibridi, ameleta mawili tu. Moja ndilo alilouza kwa Kivuva, kwa shilingi elfu ishirini na nane.

Ndani yake, chini kuna springi, na kila springi imeshonewa mfuko wake wa kitambaa. Juu ya springi kuna tabaka la sponji. Springi hubeba uzito, sponji hupokea bega na nyonga. Na kwa kuwa kila springi inajitegemea, mmoja akigeuka, mwenzake hapaswi kurushwa.

"Hapaswi," Kathini anarudia, akitia kwenye mkoba uzi wa fundi na glasi tupu. "Sasa twende tuone kwa nini alirushwa."

Nyumba ya Kivuva na mkewe Wavinya iko mwendo wa dakika ishirini kwa bodaboda kutoka sokoni. Ni nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu. Kivuva, mwanamume mnene wa miaka 44, yupo nyumbani kwa mapumziko ya siku mbili. Wavinya ni mwembamba, mrefu, na anamkaribisha mgeni kwa chai kabla ya neno lolote.

"Mama, sina vita na wewe," Wavinya anaanza. "Lakini hii godoro imeniua bega. Halafu yeye akipanda kitandani, mimi nateremka kwake kama gunia kwenye mteremko. Akigeuka, naamka. Akiamka saa tisa kwenda safari, naamka. Nikaona afadhali nilale na Mumo, yeye hupiga mateke tu."

"Na mimi inanifaa!" Kivuva anasema. "Nililala kwa moja kama hii Mtito, kwenye lodging. Niliamka mgongo hauumi. Miaka minane, mara ya kwanza! Nikainua shuka nikasoma jina. Nikasema, hii lazima ifike kwangu."

"Kwako," Wavinya anamjibu. "Umesema vizuri. Kwako."

Kivuva anatazama kikombe chake.

Kathini anainuka. Anaomba ruhusa ya kuingia chumbani, anapewa. Anajaza glasi maji, anaiweka upande wa Wavinya, kisha anamwomba Kivuva aketi upande wake. Glasi inalala papo hapo na maji yanamwagika kwenye shuka.

"Haiwezekani," Kathini anasema kwa sauti ndogo.

Anabonyeza hapa, anabonyeza pale. Godoro linalia kama mfuko wa karatasi: nailoni haijatolewa. Watu wengi huku huiacha ili godoro lisichafuke, na matokeo yake hulala kwenye joto na utelezi. Lakini hilo peke yake halimwagi maji. Kathini anapiga magoti. Anainua ncha ya shuka, kisha ncha ya godoro, na anabaki hapo akitazama.

Chini ya godoro jipya kuna jingine la zamani, la sponji, rangi ya udongo. Lina mashimo mawili na kilima katikati.

"Baba Mumo. Hii ni nini?"

"Ni ile ya kwanza. Nikafikiri mbili ni bora kuliko moja."

"Wewe ndiwe uliyeiacha?" Wavinya anashangaa. "Mimi nikadhani ni mama wa duka amesema ikae hapo!"

"Na nikadhani wewe nawe hutaki itolewe!"

Wanatazamana. Hatimaye ni Wavinya anayekaa ukingoni mwa kitanda na kueleza.

Godoro hilo la zamani lililetwa siku ya harusi yao, miaka kumi na tisa iliyopita. Akina mama wa kanisa walichanga, wakalinunua, wakalibeba vichwani kutoka barabarani hadi mlangoni wakiimba. Walilitandika wao wenyewe, wakalizunguka na kuliombea. Aliyeongoza maombi hayo ni Wayua, ambaye hadi leo ni mwenyekiti wa akina mama, na wote humwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

"Nitalitupaje?" Wavinya anauliza. "Liliombewa. Nikilitoa nje, mwaitu Wayua atapita aone limelala kwenye boma. Atasema nini? Kwamba nimetupa maombi yao?"

Kathini, ambaye mwenyewe ni mtu wa sala, halichukulii swali hilo kwa mzaha. Anafikiri kidogo. "Basi tumuite," anasema. "Tusimsemee maneno ambayo hajayasema."

Kivuva anatoka na bodaboda. Nusu saa baadaye anarudi, na nyuma yake anakuja Wayua mwenyewe, mwenye miaka 71, akiwa na wanawake wawili aliokuwa akichambua nao pojo, yaani choroko. Chumba kinajaa. Wayua anaelezwa yote. Anainama, anatazama chini ya godoro jipya, kisha anashika kiuno.

"Aiya! Hii bado iko?"

"Ndiyo, mwaitu," Wavinya anajibu, macho chini.

"Wavinya, ile niliyopewa mimi kwenye harusi yangu nilikata vipande nikashonea mito. Kipande kingine alikilalia mbuzi aliyezaa mapacha." Wanawake wawili wanaangua kicheko. "Hatukuombea sponji, mama. Tuliombea nyinyi wawili. Sasa sponji imebaki kitandani na wewe umetoka? Nani alikufundisha hiyo hesabu?"

Wavinya anacheka, halafu anapangusa macho kwa ncha ya leso. Kivuva tayari ameshika upande mmoja wa godoro la zamani.

Linatolewa nje. Kathini anakagua chaga, zile mbao za kupita chini ya godoro, na kuongeza mbili ambazo Kivuva amezitoa uani, ili nafasi kati ya moja na nyingine isizidi upana wa kiganja. Nailoni inachanwa. Godoro jipya linarudishwa, safari hii peke yake. Glasi inajazwa tena. Kivuva anaketi, maji yanatikisika tu. Anajitupa kitandani kwa mgongo. Glasi inasimama.

"Sasa Mama Mumo naye alale," Kathini anasema.

"Hapo? Na yeye? Mbele ya mwaitu?" Wavinya anarudi nyuma hadi mlangoni. "Siwezi."

Wayua anawageukia wenzake. "Geukeni ukutani. Tuendelee na maneno ya pojo." Wanawake watatu wanatazama ukuta na kuanza kuzungumza kwa sauti kubwa kuhusu bei ya pojo na wadudu wa ghala. Nyuma yao, Wavinya anavua ndala na kulala kando ya mumewe kwa mara ya kwanza tangu alipohama kitanda.

Hateremki kama gunia.

Kathini anamtaka kila mmoja alale anavyolala siku zote. Kivuva analala chali. Kathini anapitisha mkono chini ya kiuno chake. Unapita kwa shida kidogo, bila pengo. Ni sawa. Wavinya analala ubavu. Kathini ananyoosha uzi nyuma yake, kutoka shingoni hadi kiunoni, na kuutazama kwa jicho moja kama fundi anayepima ukuta. Uti wa mgongo umepinda. Bega halijazama.

"Bado inauma hapa?"

"Inauma, mama. Si kama mwanzo. Lakini inauma."

Ni hapo ambapo muuzaji mwingine angeaga. Godoro la zamani limeonekana, lawama imepata pa kukaa, na mteja mnene ameridhika. Kathini anakunja uzi wake taratibu.

"Basi kosa si la godoro la zamani peke yake," anasema. "Nusu ni langu. Baba Mumo alikuja peke yake, nikapima mgongo wake peke yake. Sponji ya hii ni nyembamba kwa mtu mwembamba anayelala ubavu. Ile nyingine iliyobaki dukani ina springi hizi hizi, lakini sponji yake ni nene zaidi juu. Itambeba yeye, na wewe itakupokea bega."

"Na kama nayo itakataa?" Wavinya anauliza, akiwa bado amelala. Inaonekana amesahau kuna watu.

"Utalala juu yake kwanza wiki mbili. Ikikataa nitajua sina inayokufaa, na nitakwambia hivyo."

"Ikinikubali, nitarudi kitandani kabisa. Mumo naye amechoka na mimi, anasema nakoroma."

"Unakoroma," Kivuva anasema.

"Nyamaza wewe."

Ukutani, habari za pojo zimekwisha. Wayua anageuka bila kuomba ruhusa.

"Kathini, nimekusikia. Lakini maneno ya chumbani hupotea. Yaseme tukiwa tumekuangalia."

Kathini anasimama wima katikati ya chumba. Anasema jambo analotaka kuahidi amekuwa nalo moyoni tangu mwaka jana, ila aliogopa kupoteza wateja. Wanawake wawili wanageuka pia. Wavinya anaketi, bega lake likigusa la mumewe. Muuza magodoro anainua mkono wa kulia na kuahidi.

"Kesho kabla ya saa sita mchana nitaleta ile nene hapa, na hii nitaichukua, na sitaongeza hata shilingi. Na kuanzia leo sitauza godoro la watu wawili kwa mtu mmoja. Wakiona haya kulala dukani, nitakodi pikapu nilibebe hadi kwao, wafunge mlango wao, mimi nikae nje nisubiri. Wote wawili waniambie kama linawafaa. Mungu amesikia, na nyinyi watano mmesikia."