Kizibo cha Chuma cha Reli

Mpaka leo nikisikia pampu inaanza kunguruma, mwanangu, hukumbuka siku moja kule Igunga ambayo nusura nimzike kaka yangu. Usinicheke. Umeingia juzi tu kwenye karakana yangu hii ya Kanyenye, hapa Tabora, tayari unataka kunikerezea vizibo kwa chuma chochote kilicholala sakafuni, na ukiulizwa unajibu, "Bibi, si chuma ni chuma?" Haya, weka hiyo simu, uketi.

Kaka yangu Hamisi ndiye aliyenifundisha kukereza chuma kwa mashine. Alikuwa fundi hasa, ila alikuwa na kiburi cha mafundi wa mji huu. Sisi watu wa Tabora tumekulia kando ya reli, na kwetu hakuna chuma kinachoshinda chuma cha reli. Kinapigwa na mvua, kinapigwa na jua, mabehewa yanapita juu yake, nacho kimelala palepale tangu enzi za babu zetu. Basi kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba kule Igunga kilipomwita, Hamisi alichukua kipande cha reli kuukuu, akakereza vizibo vizuri mno, ungejitazama ukajiona.

Mle kiwandani kulikuwa na pipa kubwa la kupashia mafuta, ndani yake vibomba vyembamba vya shaba. Mafuta hupita ndani ya vibomba, maji ya moto huvizunguka kwa nje. Kibomba kikitoboka hukitoi. Unakiziba ncha zote mbili, kazi inaendelea. Kisha unajaribu: mfuniko ukiwa wazi, pampu inasukuma maji, na yale yanayoingia kwenye tundu la kibomba hukisukuma kizibo kwa nguvu zote. Nasi tulikuwa na desturi yetu mbaya, fundi husimama mbele ya kazi yake wakati wa kujaribu, watu waone kwamba anaiamini. Hamisi alisimama, vizibo vikashika, akapigiwa makofi.

Msimu uliofuata kikatoboka kibomba kingine, tukaitwa tena; Hamisi akakiziba, akasimama mbele ya pipa kama kawaida yake. Mzee Masanja, aliyelitunza lile pipa tangu ujana wake mpaka akastaafu, alikuwa amekuja kutusalimia. Akachungulia, akaona michirizi ya kutu kwenye kizibo cha zamani. Akakikwaruza kwa ukucha, kutu ikamomonyoka. Akamwomba msimamizi wa kiwanda asiwashe pampu. Msimamizi akasema vizibo hivyo vilishika mwaka jana, na mbegu za pamba zinaozea ghalani. Mzee akamgeukia Hamisi, akamsihi asogee. Hamisi akakataa. Eti akisogea, Tabora nzima itasikia kwamba fundi wa Kanyenye ameikimbia kazi yake!

Mwanangu, hofu ya siku ile sijaionja tena, hata nilipokuwa najifungua. Nilitaka kumvuta shati, mkono haukuinuka. Na pampu ikaanza kunguruma.

Mzee Masanja hakubishana naye. Alivua kofia yake, akaenda akasimama bega kwa bega na Hamisi, kifua kimeelekea kile kizibo.

"Mzee wangu, ondoka hapo," Hamisi akasema.

"Siondoki. Chuma na shaba ukiviweka pamoja kwenye maji yetu haya ya chumvi, shaba inabaki, chuma kinaliwa. Hicho ulichokereza kimebaki ganda tu. Kama wewe unakiamini, basi tukiamini sote wawili."

Hamisi aliweza kuudharau uhai wake mwenyewe, lakini hakulelewa kumwacha mzee mbele ya hatari. Akamshika mkono, akamvuta pembeni kwa hasira. Hawajafika ukutani, tukasikia mlio. Kizibo kilipita pale walipokuwa wamesimama, kikatoboa bati la ukuta, maji yakafuata. Hamisi akaenda kulitazama lile tundu. Lilikuwa usawa wa kifua chake. Akakaa chini palepale kwenye maji, akalia, nami nikalia.

Mzee alimwambia neno moja tu: "Kizibo hakimjui fundi wake."

Basi nakuusia. Kabla hujawasha mashine, uliza bomba ni la madini gani na linakutana na maji gani. Bomba la shaba lipe kizibo cha shaba ya aina ileile, vitanuke pamoja na kusinyaa pamoja, kimoja kisimle mwenzake. Usidanganywe na ugumu. Reli inadumu kwa sababu haijawahi kuchemshwa kwenye chumvi. Hata hicho chuma unachokisifu kwamba hakishiki kutu, kipo ambacho maji moto ya chumvi hukitoboa vijitundu. Usipojua, uliza, kuuliza si ujinga. Na siku ya kujaribu usisimame mbele ya kizibo, chako wala cha mwingine, hata kama nimekikereza mimi. Watakucheka, waache wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Mungu akupe mikono ya kazi, mwanangu, na akupe miguu ya kusogea pembeni. Akurudishe kwa mama yako kila jioni ukiwa mzima.