Zizi la Pijo

Mzee Mayunga wa Pito alikuja Ufipa akiswaga ng'ombe. Biashara ilipofunguliwa na magari yakaanza kuingia kwa wingi, aliuza sehemu ya kundi akanunua Pijo ya bluu, kuukuu lakini inang'aa. Siku za soko aliiegesha uwanjani pale Sumbawanga, akatoa kwenye buti matawi ya miiba na kuizungushia pande zote. Mikokoteni ikaikwepa, wala hakuna aliyethubutu kuiegemezea baiskeli. Sisi wauza ulezi tulimcheka. Nani aliwahi kuona gari likifugwa?

Jumamosi moja, wakati wa kuondoka, tairi la nyuma likaisha upepo. Alikuwa amesahau tawi moja chini, akalikanyaga mwenyewe. Mkewe, Hellena, akashuka amenuna.

“Baba Masanja, miiba hii leo tunaitupa.”

Mzee alizunguka gari polepole, akipapasa milango kwa kiganja, asione mkwaruzo hata mmoja. Akatoa jeki, akabadilisha tairi, kisha akaliokota lile tawi na kulirudisha kwenye buti pamoja na mengine.

“Mama,” alisema akitabasamu, “ng'ombe akichomwa na mwiba, unavunja zizi?”