Sensa Iliyomwita Dinah Mwizi

Saa tatu asubuhi, Myanga. Hasina Shafi amesimama katikati ya boma la kina Nyongesa, boksi mkononi, na anajiuma mdomo asije akasema neno atakalolijutia.

"Fundi, hii ni ya mita ngapi?" Nyongesa anauliza.

"Sita."

"Sita? Si ile yangu ilikuwa kumi na nane! Unanirudisha nyuma, bana?"

Hasina anafumba macho. Swali hilo alilijibu kwa simu akiwa Kitale, akalijibu tena jana jioni, na hapa analijibu kwa mara nyingine jua la asubuhi likimchoma shingoni.

Hasina, mama wa watoto watatu, ni fundi wa stima na ving'ora mjini Kitale. Siku hizi kazi inayompa ugali, na inayomwumiza kichwa kuliko zote, ni sensa za infraredi. Ni kijisanduku cheupe kinachoenea kiganjani. Hakipigi picha. Kinanusa joto la mwili linalosogea mbele yake, kisha kinaamsha king'ora. Mwizi ni nani na jirani ni nani, hicho hakijui.

"Watu wananunua sensa kama kamba ya ng'ombe," anasema. "Ati ndefu ndiyo mzuri. Hakuna mtu anauliza hiyo kitu itaangalia wapi, na nani anapita hapo."

Nyongesa hakuuliza. Yeye anafanya kazi Kitale, huku mama yake, Edinah, akiishi peke yake hapa Myanga na ng'ombe wawili wa maziwa. Aliona sensa dukani kwa shilingi mia nane, akasoma mita kumi na nane kwenye boksi, akafurahi. Ilikuwa ya kufungwa ndani ya nyumba. Yeye akaitundika nje, juu ya mlango wa zizi, ikitazama moja kwa moja njia ya kwenda kinu cha kusaga unga.

Waswahili walisema rahisi ni ghali, lakini nani huwa anawasikiliza akiwa dukani?

Asubuhi ya pili, jirani wa ng'ambo ya ua, Dinah, alipita njiani na debe la mahindi kichwani. King'ora kikalia. Huku kijijini mtu akisikia nduru haulizi maswali, anatoka na alicho nacho mkononi. Wanaume walitoka na mapanga na rungu, wakamzingira Dinah, mtu mzima anayeimba kwaya ya kanisa. Debe likaanguka na mahindi yakamwagika.

Kesho yake kikalilia watoto wa shule. Baadaye punda. Majirani wakakaa kikao na kuamua kwamba mashine ya Nyongesa ikilia, hakuna mtu atakayetoka tena.

Na wezi wa mifugo hawajahama. Juzi tu walipita kijiji cha pili.

"Kelele siogopi," anasema Edinah, akimpa fundi kiti ambacho hana muda wa kukikalia. "Naogopa ilie na watu walale tu."

Sensa mpya ni shilingi elfu tatu na mia tano. Inastahimili mvua, na inatazama ukanda mwembamba tu, kama pazia lililoshushwa mbele ya mlango wa zizi. Njia haiioni. Malipo ya Hasina ni shilingi elfu moja, na nauli ya kutoka Kitale imeshayamega.

Anaifunga kwa urefu wa kifua, anakaza skrubu, anawasha. "Haya, jaribu."

Nyongesa anainama kama mwizi na kunyata akiielekea sensa uso kwa uso. Kimya. Anakaribia kuigusa ndipo king'ora kinalia.

"Unaona? Ni dhaifu!"

"Wote mnafanya hivyo!" Hasina anapaza sauti. "Wote! Mwizi anakuja kusalimia sensa? Mwizi anaenda kwa mlango. Hii inashika mtu akikata mbele yake, si akiijia. Pita hapa."

Nyongesa anakata mbele ya mlango. King'ora kinalipuka mara moja, ndege wanaruka kutoka kwenye miti. Ni kazi safi. Kinalia dakika nzima.

Hakuna anayetoka. Ng'ambo ya ua, Dinah anaanika mahindi kwenye turubai na hata kichwa hainui.

Edinah anaketi kwenye kile kiti cha fundi.

Hasina anasema ameamua: kuanzia sasa hatauza sensa kwa mtu kabla ya kufika kwake na kuona nani hupita hapo. Lakini uamuzi huo haumsaidii Edinah leo. Hasina anaweka bisibisi chini, anavuka ua na kumwinamia Dinah.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye fundi. Walikukosea sana. Nakuomba upite tu hapo njiani, mara moja."

"Ati nipite tena? Niitwe mwizi mara ya pili?"

"Ikilia, naenda nayo Kitale, na pesa yao narudisha."

Dinah anapangusa vumbi la mahindi mikononi. Kisha anajitwika debe na kuingia njiani taratibu, huku Edinah akiwa amejiziba mdomo kwa leso. Anapita mkabala na mlango wa zizi, bila kuiacha njia. Kimya. Anageuka na kurudi, safari hii akitembea kwa kishindo makusudi. Kimya.

Anatua debe.

"Sawa. Ikilia usiku nitatoka, na wengine nitawaamsha. Lakini nikikuta hakuna mwizi, hiyo kitu nitaing'oa na hii mikono yangu."

"Ukiing'oa, mama, niite," anasema Hasina. "Nitatoka Kitale nikuletee bisibisi."