Jino la Binti Yangu Lililong'olewa Sokoni

Wewe unayesimamia ukurasa huu, naomba ufiche jina langu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeficha ni nani aliyeamua jino la binti yangu ling'olewe kwa koleo sokoni badala ya hospitalini.

Nina miaka themanini na miwili. Nilikuwa mwalimu mkuu huku Nyamira. Sasa figo zimechoka na siwezi kutoka kitandani bila kushikwa. Anayenishika ni huyo huyo binti, nimwite Kemunto, aliyerudi nyumbani na mtoto wake baada ya ndoa kuvunjika. Hunisafishia hata meno yangu ya bandia. Mchana, akimaliza kuchuma majani chai, huketi hapa kunisomea visa vya ukurasa huu. Kwa hiyo ninaandika kwa kidole kimoja wakati yuko shambani.

Nyumba yangu ilikuwa na sheria. Sukari ilikuwa ya wageni. Kila Jumapili asubuhi watoto walipanga mstari mlangoni, wakafungua vinywa, nami nikawamulika kwa tochi. Daktari wa meno alipotutembelea shuleni kutoka Kisii, alinisifu mbele ya wazazi. Nikasimama nikawaambia kwamba mtoto mwenye jino bovu ametoka nyumba isiyo na sheria. Walipiga makofi.

Muhula uliofuata Kemunto, akiwa na miaka tisa, alivimba shavu. Alikuwa akila peremende kwa siri njiani. Mke wangu alijifunga leso, akasema twende Kisii kwa yule daktari. Nikamwambia, "Nimpelekee aibu hii? Mpeleke kwa yule mzee anayeng'oa meno sokoni, na asijue mtu."

Jino lilivunjika, mzizi ukabaki, taya likaoza. Alilazwa wiki sita. Mpaka leo mdomo wake umevutwa upande mmoja, na akicheka huufunika kwa kiganja. Alipotoka hospitali, ndugu zangu walikuja wakauliza ni nani aliyefanya hivyo. Nikasema mama yake ndiye aliyempeleka. Haukuwa uongo kamili, ndiyo maana ulidumu. Mke wangu alinitazama, kisha akaendelea kumenya ndizi. Hangeweza kunikanusha mbele ya ndugu zangu, na mimi nilijua hivyo.

Kemunto alikua akiniheshimu na kumkwepa mamake. Hata alipoolewa, simu alinipigia mimi tu. Juzi alikuwa hapa kando ya kitanda akimmulika bintiye meno kwa simu. Akamwambia, "Babu yako alikuwa na sheria. Bibi yako angezifuata, mimi ningekuwa na uso." Akanigeukia. "Si ndiyo, Tata?"

Tata ni baba kwetu. Nilijibu, "Ndiyo."

Nikimwambia, mikono inayonigeuza kitandani itaondoka, na sina mingine. Nikinyamaza, atanizika kwa heshima kando ya mama ambaye hajamsamehe. Tena huenda wiki hii akanisomea kisa hiki kwa sauti, na sijui nitatazama wapi.

Nishaurini, ninyi mlio na watoto na ninyi mlio na wazazi. Nimwambie kwa kinywa changu, au nimwache akutane na ukweli hapa?

Ila msinijibu kabla sijamaliza, kwa sababu liko moja ambalo sijawahi kumwambia hata mchungaji. Mke wangu alipokuwa anakufa, Kemunto bado alikuwa kwa mumewe. Mke wangu aliniomba nimpigie simu, nimweleze ukweli, ili aje wapatane. Baada ya siku mbili akaniuliza kama nimempigia. Nikasema nimemweleza yote. Sikuwa nimempigia hata mara moja. Alilala akitazama mlango kwa siku nne. Mama yake Kemunto alikufa akiamini kwamba binti yake anajua ukweli, na bado hakutaka kuja.