Mama wa Mapokezi na Jedwali la Wagonjwa

Hapa Kolwezi umeme ukikatika, kila mtu anakimbilia waya. Tunachomoa friji, televisheni, kila kitu, maana umeme ukirudi unarudi na nguvu ya kuunguza. Basi mama wa mapokezi, kwenye zahanati moja ya Dilala, akachomoa kompyuta yenye kumbukumbu za wagonjwa, kumbe kisanduku cha betri kilikuwa bado kinaiwasha vizuri tu. Ikazimika katikati ya kuandika, na jedwali lote la wagonjwa likaharibika.

Mi ni fundi wa kompyuta, wakaniita asubuhi. Nikaanzisha ukarabati wa jedwali. Hadi mchana ukarabati ulikuwa bado unasuasua, na mkurugenzi wa zahanati alishasema: ikifika jioni majina hayajaonekana, mama asirudi tena kazini.

Nina hasira za karibu, nilitaka kumgombeza. Lakini alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani, akaniambia taratibu, akiniita baba kwa heshima: "Tata, friza yangu iliungua vile. Samaki ya biashara yote ikaoza. Nikasema hii kompyuta ya batu, si yangu, isiungue."

Nilimhurumia sana yule mama.

Nikaanza kuchunguza. Ukarabati haukuwa umekwama. Diski ilikuwa imejaa pomoni, mashine imekosa mahali pa kupangia kumbukumbu zote kwa pamoja, kwa hiyo inazipanga moja moja. Kwa mwendo ule hata wiki isingetosha. Na imejaa nini? Video za harusi ya binti wa mkurugenzi! Keki, ngoma, mashangazi wanacheza mpaka basi. Nikazihamishia zote kwenye diski yangu ya mkononi, nikasimamisha ukarabati, nikanakili jedwali pembeni kwa tahadhari, nikauanza upya. Safari hii ulikimbia.

Jioni mkurugenzi akaingia. Nikamwonyesha majina ya wagonjwa yamerudi, kisha nikamwambia bila kuuma maneno: "Tata, mama aliharibu akitaka kulinda. Kilichotuchelewesha ni harusi yako."

Akajikuna shingo. Halafu akamgeukia mama. "Kesho asubuhi, mama, kama kawaida."

Mama akajifuta macho na pembe ya kitenge. Hapo hapo taa zikazimika. Mkono wake ukaruka kuelekea kwenye waya, akaurudisha, akaukalia.